Mlakasa Ukingoni mwa Mto Wetu

Mama mkwe wangu alijenga ukuta wa mto kabla mimi sijaolewa bomani kwake. Nasema alijenga kwa sababu ndivyo kila mtu upande wetu wa Emali anavyosema, ingawa walikuwa kikundi kizima cha wanawake wakifanya mwethya, ile kazi ya kusaidiana ambapo leo mnalima kwangu na kesho mnalima kwako. Yeye alikuwa mwenyekiti wao, na bado ni mwenyekiti. Waliteremsha mawe kutoka kilimani wakiyabeba kichwani, wakachanganya saruji kwa majembe, na mwishowe ukuta ukakatiza mto kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Mto wetu ni wa mchanga. Mgeni akiuona wakati wa kiangazi atafikiri ni barabara pana nyeupe iliyosahauliwa na magari. Mvua ikinyesha milimani maji huja kwa kishindo, yanapita, na baada ya muda mfupi juu kunakauka. Lakini chini ya mchanga maji yanabaki. Ukuta unazuia mchanga, na mchanga unatunza maji. Ukichimba karibu na ukuta hata mwezi wa tisa, unapata maji safi ya kuchota kwa kikombe. Kabla ya ukuta, wanawake walikuwa wakitoka na punda kabla jua halijachomoza na kurudi mchana. Baada ya ukuta, walichota na kurudi kupika chai ya asubuhi. Ukiwauliza watu wa kwetu mali yao kubwa ni nini, hawatakutajia ng'ombe.

Mimi niliukuta umesimama. Sikubeba hata jiwe moja. Nilikuja na cherehani yangu, nikafungua kibanda cha ushonaji pale Emali sokoni, na watu wakanizoea kwa jina la fundi. Wanawake wa kikundi hawakuwahi kunisema vibaya. Ila tulipokaa pamoja na hadithi za mwethya zikaanza, nani aliangukiwa na jiwe mguuni, nani alijifungua wiki ya kumwaga saruji, mimi nilikuwa msikilizaji tu. Walinipenda jinsi mtu anavyompenda mgeni mwenye adabu. Nilitamani kitu zaidi ya hicho, lakini sikujua kinatafutwa wapi.

Kisha malori ya mchanga yakaja. Mchanga wetu ni mzuri kwa ujenzi, na miji inajengwa kila siku. Malori yalizoa juu ya ukuta na chini yake. Chifu akayafukuza, yakarudi, akayafukuza tena, hadi mwishowe yakaacha. Lakini mto ulikuwa umeshachimbwa mashimo, na mvua zilipofika maji yalikuta njia yake si ile yaliyoizoea. Yakagonga ukingo wa upande wetu, pale ukuta unapoingia ardhini, na kuanza kula. Yalichukua mipapai ya mama mkwe. Yakachukua ua wa mbuzi, ingawa mbuzi wenyewe tuliwawahi. Maji yalipopungua, ile sehemu ya ukuta iliyokuwa imefukiwa ndani ya ukingo ilikuwa nje, imechomoza kama mfupa.

Nakumbuka mama mkwe alivyosimama pale, kanga ameifunga kiunoni, akiuangalia ukingo ulioliwa. Mimi humwita mwaitu, yaani mama, kwa Kikamba chetu.

"Mwaitu, si ukuta wenyewe uko mzima?" nikamuuliza.

"Ukuta hauna shida," akasema. "Shida ni huku kando. Mvua nyingine kama hii, mto utapita hapa, utatuachia ukuta umesimama peke yake pale katikati. Na maji yote yataenda zake."

Tukaitisha mwethya. Safari hii nami nilibeba. Tulijaza lile pengo kwa kile kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni mchanga, tani kwa tani, hadi ukingo ukarudi mahali pake. Kwa macho ulipendeza. Lakini mchanga uliorundikwa hauna kitu cha kuushika. Tulipanda nyasi za nepia juu yake, zikakauka kabla ya kushika mizizi. Tukapanda mkonge, ukasimama tu umenuna, haukui wala haufi. Tukapanga magunia ya mchanga, jua likayaoza na panya wakamalizia. Saa sita mchana mchanga ule ulikuwa unaunguza mguu hata ndani ya ndala, na upepo wa Agosti ulikuwa ukiumega kidogo kidogo kila siku bila hata kuhitaji mto. Watu wa ofisi ya maji walikuja wakaangalia, wakasema dawa yake ni vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, na kwamba wataviombea fedha. Mama mkwe aliwashukuru. Akawa anasubiri.

Karibu na kibanda changu sokoni kuna mwanamke mwenye hoteli ndogo ya mahamri na mbaazi. Ni mtu wa Mambrui, kule pwani baada ya Malindi. Aliletwa Emali na mumewe aliyekuwa dereva wa malori ya barabara ya Loitokitok, na mume alipofariki yeye akabaki, kwa sababu alishakuwa mtu wa hapa. Tumekaa ubavu kwa ubavu miaka mingi. Chai yangu naipata kwake, nguo zake anashona kwangu. Mwaka huo binti wa kaka yake alikuwa anaolewa, na sare za akina shangazi zikawa kazi yangu.

"Shoga, twende wote," akaniambia nilipomaliza. "Wale wanawake wa kwetu nawajua. Vipimo walivyotuma kwa simu ni vya uongo, hakuna aliyekubali kusema unene wake. Utahitaji kurekebisha kule kule."

Ilikuwa kweli. Tulipanda treni pale Emali na kesho yake nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba ya kaka yake Mambrui, nikifumua na kushona upya hadi vidole vikauma. Arusi ilifana. Nilikula pilau mpaka nikaona aibu.

Asubuhi baada ya arusi nyumba nzima ilikuwa imelala. Nikatoka kujinyoosha mgongo. Ile nyumba ilikuwa ya mwisho upande ule. Baada ya ukuta wake wa nyuma kulikuwa na vilima vya mchanga, virefu kuliko paa, halafu bahari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona bahari kwa karibu na niliiangalia kama inavyostahili. Lakini mimi nimekaa na mchanga maisha yangu ya ndoa, na haikuchukua muda macho yakarudi kwenye mchanga.

Kile kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba kilikuwa kimetulia. Vilivyokuwa mbali kidogo vilikuwa vinafuka, upepo unaviparua juu kama unga, lakini hiki hakikutoa hata chembe. Kilikuwa kimefunikwa na mmea unaotambaa, kamba ndefu nyekundunyekundu zilizosambaa kila upande, na majani mazito yanayong'aa. Kila jani limegawanyika katikati, na nilipochuchumaa nikacheka, maana lilikuwa na umbo kamili la kwato ya mbuzi. Na kulikuwa na maua. Maua ya waridi yanayoelekea zambarau, mapana kama mdomo wa kikombe, yamefunguka mamia kwa mamia juu ya mchanga ambao kwa akili zangu zote haukustahili kuotesha kitu.

Nikashika kamba moja nikaivuta. Haikuja. Nikafukua kwa vidole na nikaona sababu. Kila penye kifundo, mmea ulikuwa umeteremsha mizizi. Hatua moja, mizizi. Hatua nyingine, mizizi. Mimi ni fundi wa nguo. Nilikuwa naangalia mshono. Kilima kizima kilikuwa kimepigwa bandi.

Sikusikia kaka mtu akija nyuma yangu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kanzu ya jana bado.

"Umeamkia kulima, dada?" akaniuliza.

"Huu mmea mnauitaje?"

"Mlakasa. Upo pwani yote, hakuna aliyeupanda. Mwaka mmoja vijana waliung'oa hapa wapate uwanja wa mpira. Ule mchanga wote ukahamia kwetu. Tulikuwa tunafagia jikoni asubuhi na jioni. Mama alipika wali, tukatafuna mchanga. Tukauacha ukarudi, na mambo yakatulia."

"Unahitaji maji ya chumvi?"

Akafikiria. "Hilo sijui. Nauona hata kule ndani, kwenye njia ya mchanga, na kule hakuna chumvi. Unataka?"

Nikamweleza habari za mto wetu, ukuta, pengo, na mama mkwe wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na panga na gunia. Alinionyesha nikate upande wa bara, si upande wa bahari unaoikinga nyumba. Tulikata kamba ndefu zenye mizizi yake, tukazifunga na mchanga wenye unyevu, tukalowesha gunia.

Rafiki yangu alibaki kwao siku chache, mimi nikarudi kwa basi ili gunia nilishike miguuni na kulimwagia maji kila tuliposimama. Abiria wa karibu nami alidhani nimebeba samaki na alikuwa akininusia kwa mashaka tangu Mombasa. Makindu basi likasimama kwa muda, nikakimbia hadi kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa atokako. Sikutaka chakula. Nilitaka bomba. Mzee mmoja wa kilemba alinifungulia bomba la bustani akashika gunia nikilowesha, akachungulia ndani na kuuliza ni mboga gani hiyo. Nikamwambia si mboga, ni ukuta. Alitikisa kichwa kwa adabu kama mtu aliyeelewa.

Mama mkwe hakuelewa, wala hakujifanya.

"Hii ni majani ya viazi vitamu," akasema akigeuza tawi moja.

"Yanafanana, mwaitu. Ni ndugu yake."

"Chini kuna kiazi?"

"Hakuna."

"Majani yanapikwa?"

"Hapana."

"Mbuzi wanakula?"

"Nimeambiwa hawapendi. Nafikiri si mazuri kwao."

Akalirudisha tawi kwenye gunia polepole, jinsi mtu anavyorudisha nguo ya bei ghali aliyoamua kutonunua. "Umetoka hapa mpaka baharini," akasema, "ukaniletea viazi visivyo na viazi, mboga isiyopikwa, na lishe ya kuua mbuzi. Kisha nipande kwenye ukingo wangu, siku ofisi ikija na waya na mawe ikute nimefuga maua."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa rahisi kama angesema kwa hasira. Nilijua alichokuwa akikilinda. Ule ukuta ulikuwa jasho la wanawake ambao wengine wameshazikwa, na mimi nilikuwa namwomba auweke chini ya ulinzi wa maua. Nikamwambia nataka kipande kidogo tu cha pale mchanga ulipo mbaya zaidi, pale ambapo kila kitu kimeshakufa. Akasema sawa, pale hata nikipanda miamvuli haimhusu.

Nikapanda. Nilitengeneza matuta mazuri, nikachomeka vipande vimesimama, safu kwa safu, nikavimwagia maji asubuhi na jioni. Vikaanza kunyauka. Majani yakawa manjano, kisha kahawia. Wanawake waliokuja kuchota maji walikuwa wakinipita wakisema pole, fundi, kwa sauti ya msibani. Vilivyobaki na uhai ni vile vichache vilivyokuwa chini karibu na ukuta, na hata hivyo vilikuwa vimeanguka vimelala.

Nilimsimulia rafiki yangu wa mahamri nikiwa karibu kulia. Jumapili hiyo alifunga hoteli akaja mtoni mwenyewe. Alisimama juu ya matuta yangu, mikono kiunoni.

"Shoga, umeupanda kama kiazi."

"Si ni ndugu ya kiazi?"

"Ndugu, lakini tabia mbali. Huu hausimami. Ulaze. Ulaze wote, mrefu hivyo hivyo, ufukie tumbo uache kichwa nje. Uende chini mpaka ukutane na ubichi. Halafu uache utambae unakotaka, usiupangie."

Tukapiga magoti, yeye na buibui lake ameliinua mpaka magotini, tukachukua vile vilivyookoka tukavilaza ndani ya mchanga, kila kimoja kwenye mfereji wa kina cha mkono ambako mchanga ulikuwa na ubaridi. Tulipomaliza tulikuwa wachafu kama watoto. Alikaa akakung'uta mikono, akauangalia mto ulivyonyooka na kupinda.

"Hapa pamefanana na kwetu," akasema. "Isipokuwa mmesahau kuleta bahari."

Kwa wiki kadhaa hakukuwa na la kuona. Kisha asubuhi moja nikakuta kidole chekundu kimetoka mchangani, kina majani mawili yaliyokunjika kama mikono ya mtu anayeomba. Kisha kingine. Ulipoanza haukusimama. Kila nilipoenda ulikuwa umesogea. Ulishuka kwenye mteremko kuelekea mtoni, ukapanda juu, ukalipita pengo zima na kuuvuka mkonge wetu ulionuna. Joto ambalo liliua kila kitu halikuwa kitu kwake. Saa sita mchana majani yalikuwa yakimeremeta kama yamepakwa mafuta. Nilikata ncha nikalaza kwingine, na kwingine. Afisa wa kilimo alipopita nikamwonyesha, akauchunguza kwa makini akasema niuache ubaki kwenye mchanga, nisiuruhusu kuingia mashambani. Nilishika neno lake. Ulipofika kwenye udongo mwekundu, wenyewe ulipunguza mwendo, na uliobaki niliukata.

Mbuzi wa jirani walionja wakaacha. Mama mkwe hakuamini mbuzi. Nilikuta amezungushia sehemu yote matawi ya miiba, na nilipomshukuru alisema amefanya hivyo kwa ajili ya mbuzi, si kwa ajili ya maua.

Lakini maua yalikuja. Yalifunguka asubuhi moja baada ya manyunyu, na wanawake waliokuja kuchota maji wakasimama na mitungi yao. Ukingo uliokuwa kidonda miaka yote hiyo ulikuwa umejaa waridi. Yanafunguka mapema na kujifunga jua likiwa kali, kwa hiyo anayetaka kuyaona ni lazima aamke. Nikaanza kugundua kwamba mama mkwe, ambaye maji aliletewa na wajukuu, alikuwa akienda mtoni asubuhi mwenyewe akiwa na kikombe chake cha chai. Sikumwuliza.

Wale wa waya na mawe hawakuwa wamefika bado mvua kubwa zilipoanza. Kila mtu anazikumbuka mvua hizo. Barabara ya Mombasa ilikatika mahali kadhaa, redio ilikuwa inataja madaraja kila saa. Kwetu siku ile hata hakukuwa na wingu. Nilikuwa nimefunga kibanda mapema, nimekaa nje ya jikoni nachambua pojo, na mama mkwe akainua kichwa.

"Unakuja," akasema.

Kisha nami nikasikia. Mto wetu ukija kutoka milimani unasikika kabla ya kuonekana, kama lori zito linalopanda mlima na halifiki. Tukaondoka tulivyokuwa. Tulipofika juu ya ukingo wanawake wengine walikuwa wanatokea kila upande, wengine na unga mikononi. Jirani yangu wa mahamri alikuja baadaye kwa boda, maana habari zilifika sokoni upesi.

Maji yalipinda kona yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake yalisukuma miti mizima. Yaligonga ukuta. Yakaruka juu yake kwa upana wote wa mto, na ardhi tuliyosimamia ikatetemeka. Kisha yakafanya kile tulichokuwa tunakiogopa: sehemu yake ikageuka, ikakata kuelekea upande wetu, ikapanda juu ya ukingo wa mchanga.

Mlakasa ukapotea chini ya maji. Nilishika mkono wa mama mkwe, au yeye alishika wangu, sikumbuki. Nilichokuwa nakingojea ni ile sauti ya ukingo ukianguka, ile sauti nzito kama ng'ombe anayelala chini, ambayo tuliisikia mara nyingi msimu ule wa mipapai. Tulisikiliza. Maji yalipita na kupita. Kila yalipopungua kidogo ungeona majani yamelala yote upande mmoja, yamechanwa kama nywele, na chini yake mchanga haujaondoka. Gogo kubwa lilikuja likapiga pembeni, likachana kamba za mbele na kwenda nazo. Mwanamke mmoja nyuma yetu alianza kuomba kwa sauti. Nyuma ya kamba zilizokatika zilikuwepo nyingine, na nyuma ya hizo nyingine.

Tulikaa pale mpaka jua likawa karibu kuzama na mto ukaanza kushuka. Hakuna aliyesema tumeshinda. Tuliogopa kusema. Mama mkwe alitupeleka nyumbani kwake sote, tukanywa uji, tukalala tulipolala.

Asubuhi alitangulia. Nilipofika alikuwa ameshuka ukingoni, matope mpaka magotini. Ukuta ulikuwa umesimama na mkono wake umefukiwa ndani ya ardhi kama inavyotakiwa. Lakini si hilo tu. Ukingo ulikuwa umeongezeka. Maji yalipopita juu ya ule mkeka wa majani yalipungua nguvu, na mchanga uliokuwa umebebwa kutoka milimani yakauacha humo. Kilichokuwa mteremko sasa kilikuwa kimejaa, laini, na vichwa vya mlakasa vilikuwa vinachomoza juu ya mchanga mpya, vingine tayari vimesimamisha majani.

Mama mkwe aliinama akashika kamba moja kwa mikono miwili. Akavuta. Akaweka mguu vizuri, akavuta tena kwa nguvu zake zote za mtu aliyebeba mawe ya ukuta ule, hadi akateleza na kukaa matopeni. Nikakimbia kumwinua. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka namna ile, mdomo wazi, machozi yanatoka.

"Haitoki," akasema. "Fundi, haitoki."

"Nilikuambia, mwaitu."

"Uliniambia. Mimi nilikuwa nataka mto uniambie."

Wanawake walikuwa wameshafika. Mmoja akaanzisha wimbo, ule wa zamani waliokuwa wakiimba wakiteremsha mawe, na wengine wakaupokea. Mimi nilikuwa naujua wimbo ule kwa kuusikia tu, sikuwahi kuuimba kwa sababu niliona si wangu. Mama mkwe alinivuta kwa mkono akaniweka katikati, matope yake yakawa yangu, na nikaimba. Rafiki yangu wa mahamri hakujua maneno ya Kikamba ya wimbo wenyewe, lakini vigelegele alivyopiga vilikuwa vya Mambrui kabisa, vikavuka mto na watu wa ng'ambo wakatoka nje kuangalia ni arusi ya nani.

Jumapili kanisani mama mkwe alisimama wakati wa shukrani. Alishukuru kwa ajili ya ukuta, akashukuru kwa ajili ya wanawake walioujenga, akiwataja waliokufa na walio hai mmoja baada ya mwingine. Alipofika mwisho wa orodha yake ya kichwani alisema, "Na huyu mke wa mwanangu, ambaye alijenga upande uliobaki." Akakaa. Sikuweza kuimba wimbo uliofuata.

Sasa habari zimefika mbali. Mama mkwe alizaliwa Kanyangi, ng'ambo ya pili huko Kitui, na huko nako kuna mito ya mchanga na kuta zinazoliwa kando. Mwezi uliopita wanawake wa kikundi cha Kanyangi walikodi gari wakaja kuona. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza, nimevaa nguo safi, hata nimechora kwenye karatasi jinsi ya kulaza na kufukia. Sikupata nafasi. Mama mkwe alishika fimbo yake akawatangulia ukingoni saa moja asubuhi, maua yakiwa yamefunguka yote, na nikabaki nyuma na rafiki yangu, ambaye alikuwa amebeba ndoo ya mahamri ya wageni.

"Msiupande kama kiazi," nilimsikia mama mkwe akiwaambia dada zake wa Kanyangi. "Huu ni mlakasa. Huu hausimami. Unaulaza, unafukia tumbo, unaacha kichwa nje. Na usiupangie."

"Unaliwa?" mmoja akauliza.

Mama mkwe alimwangalia kwa huruma ya mtu anayejua mengi. "Mama, si kila kitu ni cha sufuria. Nyinyi leteni magunia. Na muyaloweshe."

Wakaanza kukata, wakichagua zile kamba ndefu za juu mbali na maji, na gari lao lilipoondoka kuelekea Kanyangi, majani yenye umbo la kwato yalikuwa yananing'inia madirishani pande zote mbili.